Mali ya Mzazi Aliyekufa ni Amana ya Watoto Wake



Somo letu la safari hii ni juu ya urithi. Wengine watasema: «Hili ni jambo la wazee. Sisi wanafunzi tunaingia namna gani?» Jibu si mbali. Katika kila darasa mko wenzetu waliofiwa na baba ao mama. Wamoja kati yao walikuwa na akili nyingi, lakini waliacha masomo. Juu ya nini? Siku chache kisha kilio, watu wa jamaa walikuja wakakamata nyumba, vitanda, mashini ya kushona, kinga na makaratasi yote. Watoto nao wakagawanywa huku na huku sawa vyombo: mmoja kwa shangazi, mmoja kwa baba mdogo, mmoja kwa nyanya kijijini. Feza ya masomo ikaisha hapo.

Basi inafaa tujue haki ya mtoto ni nini mzazi akifa, nani anapaswa kuichunga, na namna gani kuitetea bila kuvunja jamaa. Tusome polepole, na mwisho tutapata maulizo ya kujipima.

1. Maneno tunayoyasikia kwenye kilio

Mtu akifa, maneno fulani yanarudi kila mahali, mjini na kijijini. Tumeyakusanya manne:

a) «Nyumba hii iko ya ndugu yetu. Weye mama ulikuja hapa na valizi tu.»
b) «Binti ataolewa. Atakula mali ya bwana wake.»
c) «Huyu ni mtoto wa inje, hatumujui.»
d) «Batoto bangali badogo, habajue feza. Acha sisi tubachungie.»

Tuyaweke haya maneno pembeni kidogo. Kwanza tutazame desturi za zamani, kisha sheria, halafu tutayajibu moja moja.

2. Zamani mrithi alirithi na mzigo

Katika inchi yetu desturi za urithi hazikuwa moja. Kwa makabila mengine, kama Bashi wa Kivu, mali inafuata njia ya baba. Kwa mengine, kama Babemba wa Katanga, mtoto ni wa jamaa ya mama yake, na mali ya mwanaume ilikwenda kwa wadogo zake ao kwa wapwa, ni kusema watoto wa dada yake.

Tusiharakishe kusema kama wazee walikuwa wabaya. Mali ya zamani ilikuwa shamba, mbuzi, kuku, mkuki na jembe, na shamba lilikuwa la ukoo mzima. Tena yule aliyepokea mali alipokea na mzigo: kulisha mjane, kulea yatima, kumwoza kijana, kulipa madeni ya marehemu. Aliyekula mali akaacha watoto na njaa, wazee walimwita mbele yao na kumhukumu.

Leo mambo yamegeuka. Baba na mama wananunua parseli mjini kwa feza ya kazi yao wenyewe. Wanajenga matofali moja moja, mwaka hata mwaka. Mama anauza unga ao samaki sokoni ili wapate mabati. Baba akifa, jamaa inakumbuka desturi kwa upande wa mali, lakini inasahau desturi kwa upande wa mzigo. Wanabeba friji, wanaacha yatima. Hiyo si desturi ya mababu hata kidogo. Wazee wa zamani wangeiita wizi.

3. Sheria ya Jamaa inasema nini?

Ili kumaliza fujo hiyo, inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, iliandika sheria moja kwa watu wote: sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Wengi wanaiita Kode ya Jamaa. Ilianza kufanya kazi tarehe 1 Agosti 1988, kisha ikatengenezwa tena na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa urithi, Kode hii inaweka warithi katika madaraja.

Daraja la kwanza ni watoto wa marehemu: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa inje ya ndoa lakini baba aliwakubali kwa sheria alipokuwa hai, na watoto wa kupanga. Mtoto akiwa amekufa mbele ya mzazi wake na kuacha watoto, hao wanasimama mahali pake.

Daraja la pili lina vikundi vitatu: kwanza bwana ao bibi aliyebaki, pili baba na mama wa marehemu, tatu kaka na dada za marehemu.

Daraja la tatu ni wajomba, mashangazi na baba wadogo wa marehemu mwenyewe. Hao hawapati kitu kama warithi wa mbele yao wako.

Sasa sehemu zao. Watoto wanapata robo tatu za urithi (3/4), nao wanagawanya sawasawa kati yao. Robo moja inayobaki (1/4) inakwenda kwa daraja la pili. Vikundi vyote vitatu vikiwako, kila kimoja kinapata sehemu moja ya kumi na mbili (1/12).

Tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Tuseme baba amekufa. Ameacha bibi, watoto 6, wazazi wake wawili na wadogo zake 5. Nyumba na vitu vyote ambavyo yeye na bibi yake walivipata katika ndoa vinafika dola 24,000. Hakuna deni.

Hatua ya kwanza: ndoa yao iliandikwa kwa serikali, na hawakuchagua namna ingine ya kutunza mali. Basi vitu walivyovipata pamoja ni vya wote wawili. Nusu, ni kusema dola 12,000, ni ya mama. Huo si urithi. Ni mali yake mwenyewe, haikufa pamoja na baba. Nusu ingine, dola 12,000, ndiyo urithi.

Hatua ya pili: watoto wanapata 3/4, ni kusema dola 9,000. Kila mtoto dola 1,500, wa kwanza na wa mwisho sawasawa.

Hatua ya tatu: dola 3,000 zilizobaki zinagawanywa kwa vikundi vitatu. Mama mjane anapata 1,000. Nyanya na babu wanapata 1,000. Wadogo wa marehemu wanapata 1,000, nao wako watano: kila mmoja dola 200.

Tusome tena. Baba mdogo aliyekuja na lori na kufuli mpya, akisema «hii yote ni yetu», sheria inampa dola 200 katika dola 24,000. Hakunyimwa, lakini nyumba haikuwa yake hata siku moja.

4. Tujibu sasa yale maneno manne

a) Mama na valizi yake. Tumekwisha ona kama mama ana nusu yake. Tena Kode inampa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na bwana wake na kutumia vyombo vyake. Basi kumfukuza mjane siku ya kuondoa kilio ni kuvunja sheria mara mbili: juu ya mama, na juu ya watoto wanaolala ndani.

Lakini tuseme na ukweli wa pili: haki ya mama kama mjane inasimama juu ya ndoa iliyoandikwa. Mahari peke yake, bila kufika kwa ofisi ya serikali, itamletea taabu ya kushuhudia mbele ya tribinali. Ndoa ya desturi nayo inaweza kuandikwa. Haki ya watoto haiko hivyo. Hiyo inasimama juu ya jambo moja tu: kama wanajulikana kuwa watoto wa marehemu.

b) Binti ataolewa. Katika Kode hakuna sehemu ya kijana na sehemu ya binti. Kuna sehemu ya mtoto. Hata katika Biblia, kitabu cha Hesabu, mabinti wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kuuliza urithi wa baba yao, nao wakapewa. Kuolewa kwa dada yetu, leo ao kesho, hakumwondoi katika hesabu.

c) Mtoto wa inje. Huyu ndiye anayeteswa zaidi, naye hakuomba kuzaliwa hivyo. Kode inasema kila mtoto wa Kongo anapaswa kuwa na baba, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumkana mtoto wake. Baba akiisha kumkubali kwa sheria, mtoto huyu anapata sawasawa na wengine, hata franka moja isipungue. Kama baba alikataa, mama ama mlezi anaweza kuomba tribinali itafute na kutangaza nani ni baba. Basi ubaya uko kwa baba anayeficha mtoto wake mpaka siku ya kilio, na jamaa yote inamwona mara ya kwanza pembeni ya sanduku. Anaacha vita nyuma yake.

d) Watoto ni wadogo. Neno hili lina kweli nusu, kwa hiyo ni la hatari kupita yote. Tulipe sehemu yake.

5. Mchungaji wa mali si mwenye mali

Ni kweli, mtoto wa miaka 7 hawezi kuuza ao kupangisha nyumba. Mbele ya sheria mtu anakuwa mkubwa akitimiza miaka 18. Mbele ya hapo, mtu mwengine anachunga mali yake. Mzazi aliyebaki ndiye wa kwanza. Kama wazazi wote wawili wamekufa, inafaa mtoto apewe mlezi wa sheria, na jamaa pamoja na tribinali wanaingia katika kumweka na kumchunguza.

Tena kuna mtu wa kugawa urithi, ambaye watu wa tribinali wanamwita likwidateri. Kama marehemu hakuacha wosia, sheria inamtaja mkubwa wa warithi, ama yule ambaye warithi wenyewe wamemchagua. Kazi yake ni hii: kutafuta warithi wote, kuandika mali yote, kuilinda, kulipa madeni ya marehemu, kugawa, na mwisho kutoa hesabu mbele ya warithi.

Mlezi na likwidateri, wote wawili, wanachunga amana. Amana ni kitu cha mwengine mkononi mwako. Jirani akikuachia mbuzi wake na kusafiri, utamlisha, utamfunga usiku, na akizaa utasema amezaa wangapi. Hutamchinja kwa karamu yako. Vilevile nyumba ya yatima. Ikipangishwa, feza ya kila mwezi ni ya yatima: chakula, dawa, masomo. Mlezi hana ruhusa ya kuiuza peke yake kama vile kitu chake. Na yatima akitimiza miaka 18 anaweza kuuliza: «Baba mdogo, ulipokea nini, ulitumia nini, kimebaki nini?» Ulizo hilo si matusi wala kukosa heshima. Mchungaji mwema analingojea, na daftari yake iko tayari.

Tusifikiri kama mwenye hatia ni baba mdogo siku zote. Mara ingine ni mama mwenyewe, aliyemaliza yote pamoja na bwana mpya. Mara ingine ni baba: mama wa watoto amekufa, duka lake na vitu vyake vinapewa bibi mpya, na watoto wanatazama tu. Mali ya mama nayo ni urithi wa watoto wake. Na mara nyingi ni kaka mkubwa. Hapo tujitazame sisi. Wengi katika darasa la sita wamepita miaka 18. Kesho mmoja wetu anaweza kuitwa «mkubwa wa warithi». Je, tutachunga sehemu ya mdogo wetu aliye katika darasa la pili la primere, ama tutanunua pikipiki?

6. Karatasi ni mlinzi asiyelala

Wakati wa kulinda haki ya mtoto ni wakati mzazi angali anakula na kucheka nasi mezani. Akiisha kufa, ni karatasi inayosema mahali pake. Hizi ndizo za lazima:

– Karatasi ya kuzaliwa ya kila mtoto. Kuandikisha kuzaliwa kunafanyika katika siku 90. Zikipita, lazima hukumu ya tribinali, lakini njia haijafungwa.
– Karatasi ya ndoa ya wazazi.
– Karatasi za parseli: kontra, na zaidi hati ya serikali ya kuandikisha nyumba, wanayoita sertifika.
– Namba ya baba ama mama kwa kasha ya serikali ya wafanyakazi (CNSS), kwa maana yatima wa mfanyakazi aliyeandikishwa wanaweza kuwa na haki ya pensheni yao.
– Karatasi za kazi, za banki, na za madeni: nani anatudai, nani tunamdai.

Mzazi anaweza pia kuandika wosia. Njia moja isiyo na gharama ni kuuandika wote kwa mkono wake mwenyewe, kutia tarehe na sinyature. Njia ingine ni kuufanya mbele ya noteri. Lakini wosia hauwezi kuuma sehemu ya watoto. Zile robo tatu ni zao, hata mzazi akikasirika.

Wazee wengine wanaogopa: «Nikiandika wosia naita kifo.» Tuwaulize kwa heshima: mtu akitengeneza paa mbele ya masika, ameita mvua? Mvua itakuja tu. Afazali ikute paa nzuri.

7. Kama mambo yamekwisha haribika, tufanye nini?

Tufuate ngazi, tusiruke.

Kwanza, wakati wa kilio tusipigane. Mtu mmoja wa akili aandike vitu vyote vya nyumba mbele ya mashahidi wawili watatu, mjirani ama mzee wa kanisa, nao watie sinyature. Makaratasi yawekwe kwa mtu wa kuaminika, na kopi mahali pengine.

Pili, kifo kiandikwe kwa ofisi ya serikali. Bila karatasi ya kifo, milango mingi haifunguki: banki, kazi, CNSS, tribinali.

Tatu, jamaa ikutane, pande zote mbili, ya baba na ya mama. Yaliyosemwa yaandikwe: warithi ni nani, mali ni nini, likwidateri ni nani. Jamaa nyingi zinapatana hapa, zaidi kama mtu mmoja amewasomea zile sehemu. Wajomba wengi hawana roho mbaya. Hawajaambiwa sheria tu.

Nne, kama jamaa inakataa, tribinali ya amani ndiyo mlango wa karibu kwa mambo ya jamaa na urithi. Asiye na feza ya avoka aulize kwa chama cha maavoka cha mji juu ya biro yao ya kusaidia masikini bila malipo.

Tano, kama mtu anataka kuuza parseli, tukimbie kwa ofisi ya serikali inayotunza hati za nyumba na kuwajulisha kwa barua kama warithi wako na kuna mashindano. Hapa usingizi ni adui. Mnunuzi akiisha kupata sertifika kwa jina lake, na miaka 2 ikapita, kuivunja ni kazi ngumu sana. Watoto wengi walikuwa na haki, lakini walichelewa.

Neno la mwisho

Ndugu wasomaji, somo hili halikuandikwa ili tuwachukie baba wadogo na mashangazi zetu. Wengi wao walitulea na kutulipia masomo bila kuuliza kitu. Tumeandika ili kila mtu ajue mpaka wa shamba lake. Mpaka ukijulikana, majirani wanalima bila ugomvi.

Likizo inakaribia. Tukifika nyumbani, tungoje saa nzuri, chakula kimekwisha, baba na mama wametulia, tuulize kwa sauti ya chini: «Baba, Mama, karatasi zetu za kuzaliwa ziko wapi?» Tuanzie hapo.

Maulizo ya kujipima

1. Warithi wa daraja la kwanza ni nani? Wanapata sehemu gani?
2. Juu ya nini nusu ya mama haihesabiwi kuwa urithi?
3. Marehemu ameacha bibi, watoto 4, mama yake na kaka zake 2. Urithi, kisha kuondoa nusu ya bibi, ni dola 4,800. Kila mmoja atapata ngapi?
4. Likwidateri ana kazi gani? Taja tatu.
5. Desturi ya zamani ilimpa mrithi mzigo gani? Zungumzeni kwa vikundi: ni nini katika desturi hiyo tungefaa kuirudisha leo?